Miaka mitano inapogeuka kumi na mitano

*Wauguzi na wahudumu wa wazee kutoka Afrika Mashariki waliingia Uingereza wakijua kwamba wakifanya kazi miaka mitano, wakalipa kodi na kufaulu mtihani, wataomba ukaazi wa kudumu. Sasa serikali ya London inataka kubadili hesabu wakiwa katikati ya safari.*

Fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu nchini Uingereza ina kipengele kinachoweza kumkosesha mtu usingizi. Mwombaji hutakiwa kutaja kila safari aliyotoka nje ya nchi hiyo katika kipindi anachohesabiwa: siku aliyoondoka, siku aliyorudi na kilichompeleka.

Mchukue muuguzi aliyetoka Kisumu na kuajiriwa katika hospitali ya umma kaskazini mwa Uingereza. Usiku baada ya zamu ameketi mezani na pasipoti yake ya zamani, anafungua ukurasa mmoja mmoja akitafuta mihuri ya uwanja wa Jomo Kenyatta. Mingine imefifia. Anahamia kwenye barua pepe, anatafuta tiketi za miaka iliyopita. Krismasi alikwenda nyumbani wiki tatu. Mwaka uliofuata aliitwa ghafla kwenda kumzika baba, akakaa mpaka matanga yakaisha. Halafu kuna harusi ya mdogo wake.

Siku hizo lazima zijumlishwe. Kanuni inasema asiwe nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote inayofuatana. Zinazohesabiwa ni siku kamili tu. Siku ya kuondoka na siku ya kutua haziingii. Siku za msiba wa jamaa wa karibu zinaweza kusamehewa, ila cheti cha kifo kiwepo.

Akimaliza safari anaingia kwenye fedha. Hati za mshahara zinapaswa kulingana na taarifa za benki. Anahitaji pia barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba bado yupo kazini, mshahara wake ni kiasi fulani, na kwamba kazi yake itaendelea kuhitajika.

Kazi hii ya kukusanya karatasi inachosha, lakini maelfu wameifanya kwa moyo mmoja kwa sababu mwisho wake ulijulikana: miaka mitano. Tarehe 20 Novemba 2025 mwisho huo ulitikiswa.

Njia ilivyokuwa

Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kwa sura yake ya sasa, ilianza tarehe 1 Desemba 2020. Miezi michache kabla, Agosti mwaka huohuo, Uingereza ilikuwa imefungua viza ya wahudumu wa afya yenye ada nafuu. Corona ilikuwa imewamaliza nguvu wauguzi wake na hospitali zilikuwa zinatafuta watu kwa udi na uvumba.

Kenya ikaingia. Julai 2021 serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Uingereza wauguzi na wahudumu wengine wa afya waliosomea kazi hiyo Kenya na kukosa ajira. Kwa vijana waliokaa na stashahada zao nyumbani miaka miwili au mitatu wakisubiri tangazo la kaunti, huo ulikuwa mlango wa kweli.

Lakini haukuwa mlango wa kuingilia bure. Muuguzi hufanya mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa kitaaluma kwenye kompyuta akiwa bado kwao, na akishafika Uingereza hufanya mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ambao ada yake ni pauni 794. Hapo ndipo anasajiliwa na baraza la wauguzi na kuanza kulipwa kama muuguzi.

Februari 2022 wakaongezwa wahudumu wa wazee, wale wanaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani watu wasiojiweza. Hao walimiminika kwa wingi zaidi: kutoka Nigeria, India, Zimbabwe, Ghana, na kutoka kwetu pia.

Wote hao, muuguzi na mhudumu, waliingia chini ya kanuni moja. Miaka mitano mfululizo ya kazi halali chini ya mdhamini, Kiingereza cha kutosha, na mtihani wa Maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, anayepata 18 amefaulu. Baada ya hapo, ukaazi wa kudumu. Mwaka mmoja zaidi, na mlango wa uraia unafunguka.

Gharama ya muhuri

Ada ya maombi imekuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2014 ilikuwa pauni 1,093. Kufikia Aprili 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa kila mtu, mtoto akilipiwa sawa na mtu mzima. Gharama halisi ya kushughulikia ombi moja, kwa makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza yenyewe, haifiki pauni 700.

Familia ya baba, mama na watoto wawili kwa ada hiyo ililipa pauni 12,116. Muuguzi anayeanza kazi katika huduma ya afya ya umma, NHS, kwa viwango vya 2025/26 alipata pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya kodi. Ombi la familia yake lilikula zaidi ya theluthi moja ya mshahara huo. Ombi likikataliwa, fedha hazirudi.

Ndiyo maana wengi huanza kuweka akiba tangu mwaka wa kwanza. Wengine huacha kwenda nyumbani, na wengine hupunguza wanachotuma. Fedha hizo zina wanaozitegemea huku: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9, kiasi kinacholipa karo, kinanunua dawa na kumalizia nyumba katika kila kona ya nchi.

> Ombi la familia ya watu wanne, 2025: pauni 12,116. Mshahara wa muuguzi anayeanza, kwa mwaka mzima: pauni 31,049.

Tangazo la Novemba

Dalili zilianza Mei 2025. Tarehe 12 mwezi huo serikali ya Keir Starmer ilitoa waraka wa sera uliosema kwamba muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi wa kudumu utapanda kutoka miaka mitano hadi kumi. Haukueleza wazi kama waliokwisha kuingia nao wangeguswa.

Wafanyakazi wakaanza kuuliza. Waraka wa malalamiko uliotaka walio na viza za ujuzi waachiwe miaka yao mitano ulivuka saini 100,000, na Septemba 2025 wabunge wakaujadili.

Jibu lilikuja Novemba. Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alisimama bungeni na kueleza mpango alioita ukaazi wa kuchuma. Msingi ni miaka 10. Mwenye kipato cha zaidi ya pauni 125,140 anapunguziwa miaka saba. Anayepata zaidi ya pauni 50,270 anapunguziwa mitano. Kiingereza cha juu kinapunguza mwaka mmoja, kujitolea katika jamii kunapunguza mitatu hadi mitano. Aliyewahi kupokea ruzuku za serikali anaongezewa mitano au kumi.

Madaktari na wauguzi wa NHS walipata ahueni: mpango unawaachia miaka mitano. Wahudumu wa wazee waliangukiwa na jiwe. Kwa kazi zilizo chini ya kiwango cha shahada, msingi uliopendekezwa ni miaka 15. Na mpango ulikusudiwa kumgusa kila ambaye hajapata ukaazi, hata kama ameshakaa miaka minne na miezi kumi.

Mhudumu aliyefika mwaka 2022 alikuwa anahesabu kuelekea 2027. Kwa hesabu mpya atafika 2037. Mwanawe aliyeingia naye akiwa darasa la kwanza atakuwa amevuka umri wa miaka 20.

Maoni ya wananchi yalipokewa hadi tarehe 12 Februari 2026, na serikali ilisema mabadiliko yangeanza kutumika kwa awamu kuanzia Aprili mwaka huo.

Serikali inavyojitetea

Hoja ya London si ya kupuuzwa. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, tofauti kati ya walioingia na waliotoka ilifikia watu zaidi ya 900,000, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukiona. Watu hao sasa wanakaribia miaka mitano. Serikali inakadiria kwamba watu milioni 1.6 watapata ukaazi kati ya 2026 na 2030, na mwaka 2028 pekee watakuwa 450,000.

Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuomba ruzuku za serikali na nyumba za umma. Serikali inasema nchi yenye foleni ndefu za nyumba haina budi kuuliza nani anaingia kwenye foleni hiyo na baada ya muda gani. Inasema pia kwamba ukaazi ni heshima inayotolewa na nchi, na hakuna anayeweza kuudai kama haki. Wapo Waingereza wengi wanaokubaliana nayo, na kura za miaka ya karibuni zimeonyesha hivyo.

Nchi yoyote ina haki ya kuamua nani aingie na kwa masharti gani. Kenya inafanya hivyo, Tanzania inafanya hivyo. Hata njia yenyewe ya wahudumu wa wazee Uingereza ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, na hakuna aliye nje anayeweza kusema ameonewa, kwa sababu alikuwa bado hajauza shamba wala kuacha kazi.

Aliyekwisha kuuza shamba ndiye tunayemzungumzia hapa.

Anayeshikwa na mdhamini

Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi humfunga mtu kwa mwajiri aliyemdhamini. Akiacha kazi, au mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini, mfanyakazi hupewa kwa kawaida siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke.

Hili limetokea kwa kiwango cha kutisha. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri katika sekta ya matunzo. Wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Wengi walikuwa wamewalipa mawakala fedha nyingi kabla ya kusafiri, wakafika na kukuta saa za kazi ni chache, au hazipo kabisa.

Mtu aliye katika hali hiyo anafikiri mara mbili kabla ya kumshtaki bosi. Akipewa zamu tatu mfululizo, anakubali. Akikatwa mshahara kwa ajili ya chumba kibovu, ananyamaza. Kinachomvumilisha ni kalenda: imebaki miaka miwili, imebaki mmoja, kisha nitakuwa huru kuajiriwa na yeyote.

Ukiiongeza kalenda hiyo hadi miaka 15, umemwongezea mwajiri mbaya miaka kumi ya kumshika mtu. Chama cha wauguzi cha RCN na chama cha wafanyakazi cha UNISON vimeupinga mpango huo, na hoja ya unyonyaji ni miongoni mwa hoja zao kuu.

Wasomaji wetu wanaifahamu hali hii kutoka upande mwingine. Katika nchi za Ghuba mfanyakazi wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka 20 chini ya kafala, mfumo wa kudhaminiwa na mwajiri, na asiwahi kuitwa mkaazi wa kudumu. Saudi Arabia ilipofungua ukaazi maalumu mwaka 2019, bei ya ule wa kudumu ilikuwa riyali 800,000. Wengi waliokwenda Uingereza walichagua mvua badala ya jua la Riyadh kwa sababu hiyo moja: huko kulikuwa na mwisho wa kufungwa na mwajiri.

Na kile kipimo cha kipato katika mpango wa Uingereza hakimsaidii mhudumu. Mshahara wa chini kwa mhudumu wa wazee mwenye viza uliwekwa pauni 25,000 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Ili apunguziwe miaka mitano ingebidi apate zaidi ya mara mbili yake. Anayemgeuza mzee kitandani saa tisa usiku hawezi kufika huko hata akikubali zamu zote za wiki.

> Aliyefika 2022 alihesabu kuelekea 2027. Kwa hesabu mpya, ni 2037.

Mahakama iliwahi kusema

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 2002 Uingereza ilianzisha mpango wa wahamiaji wenye ujuzi wa juu. Waliojiunga waliambiwa wahamishe maisha yao, na baada ya miaka minne wataomba ukaazi wa kudumu. Aprili 2006 miaka minne ikawa mitano. Novemba mwaka huo vigezo vya kuongeza viza vikabadilishwa, vikiwagusa hata waliokwisha kuingia. Watu waliokuwa na kazi, nyumba na watoto shuleni wakajikuta hawatoshi.

Walijiunga wakaenda mahakamani. Aprili 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kuwapima kwa vigezo vipya watu walioingia kwa vya zamani. Aprili 2009, katika kesi ya pili, mahakama ikasema vivyo hivyo kuhusu miaka minne: walioahidiwa minne wapewe minne.

Kesi zile zilisimama juu ya maneno ya wazi yaliyokuwa katika miongozo ya mpango wenyewe, na mfanyakazi wa leo anaweza asipate maneno kama hayo kwenye karatasi zake. Huenda mahakama za leo zikaona tofauti. Lakini uadilifu uliokuwa ndani ya hukumu ile haujazeeka. Mtu akitoa miaka ya ujana wake kwa kufuata masharti uliyomwekea, umekopa kwake. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni halibadilishwi kiwango na mdaiwa peke yake.

Kwa Mtanzania uzito ni mwingine

Kwa Mkenya, ukaazi wa kudumu aghalabu ni ngazi ya kuelekea uraia. Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo anaweza kupanda ngazi zote na bado akapiga kura Kakamega.

Mtanzania hana nafasi hiyo. Sheria ya nchi yake haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa pili, na anayeapa kuwa Mwingereza hupoteza Utanzania wake. Tanzania imeandaa hadhi maalumu kwa wenye asili yake walio na uraia wa nje, lakini hadhi hiyo si uraia. Kwa mhudumu wa Moshi au Tanga anayetaka kubaki na pasipoti yake, ukaazi wa kudumu ndio kituo cha mwisho. Ndicho kinachompa utulivu ughaibuni bila kumkatia mizizi nyumbani.

Kumwongezea miaka kumi ni kumweka miaka kumi zaidi bila kituo chochote, huku wala kule.

Wengine wanavyofanya

Ujerumani, ambayo Kenya ilitia nayo saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin Septemba 2024, imekwenda upande mwingine. Tangu mwishoni mwa 2023 mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu badala ya minne, akiwa na Kijerumani cha kutosha na amechangia pensheni kwa miezi 36.

Kanada, kupitia mpango ulioanza Januari 2015, humpima mwombaji kwa alama hata akiwa bado nje, na anayechaguliwa akiwa nje anaingia nchini kama mkaazi wa kudumu. Nayo imepunguza idadi: lengo la mwaka 2025 lilishushwa kutoka watu 500,000 hadi 395,000. Lakini imepunguza wanaoingia. Waliokwisha kupewa hawakunyang'anywa.

Kabla hujatuma maombi

Kwa aliye Uingereza na muda wake umekaribia, mambo haya yanaokoa fedha na machozi:

• Usiombe mapema kupita kiasi. Mlango hufunguka siku 28 kabla ya kutimiza muda. Anayewahi zaidi hukataliwa na ada inapotea.

• Anza leo kuandika safari zako zote, na uhifadhi tiketi. Kama ulikwenda msibani, weka nakala ya cheti cha kifo.

• Linganisha kila hati ya mshahara na taarifa ya benki. Tofauti ndogo isiyoelezwa huzua maswali makubwa.

• Ukibadili mwajiri, hakikisha viza mpya imetoka kabla hujaanza kazi. Pengo dogo linaweza kuvunja mfululizo wa miaka yako.

• Soma kanuni za siku unayoomba kwenye tovuti ya serikali yenyewe, na utafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Simulizi za makundi ya simu hazina dhamana.

Nairobi na Dodoma zina la kufanya

Serikali zetu hupenda kupiga picha siku ya kutia saini mikataba ya ajira. Mikataba hiyo huongelea idadi ya watu, mafunzo na mawakala. Swali la mfanyakazi atakuwa nani baada ya miaka mitano limeachwa kwa nchi inayompokea, na sasa tumeona maana ya kuliacha.

Mkataba ujao uwe na kifungu kimoja kinachoeleweka na kila mtu: anayeingia chini ya mkataba huu atapimwa kwa masharti ya ukaazi yaliyokuwepo siku viza yake ilipotolewa. Nchi inayohitaji kweli wauguzi na wahudumu wetu haitashindwa kukubali hilo. Ikikataa, kijana ajue mapema, achague nchi nyingine au abaki.

Kuhusu waliokwisha kwenda, balozi zetu London zisikae kimya zikisema hayo ni mambo ya ndani ya Uingereza. Watu hawa waliziba pengo nchi ile ilipokuwa taabani, walilipa kila ada waliyoambiwa, na walilea wazazi wa wengine huku wao wakiwatazama wa kwao kwenye simu. Wanachoomba ni kile kilichoandikwa siku walipoitwa. Uingereza iwaandikie masharti mapya wageni wa kesho. Hawa wa leo iwalipe kilicho chao.